Elfu Nne

Ampu ya kweli iliondoka mwaka ule tulipohamia ghorofani.
Kilo thelathini, ngozi imechunika pembeni;
aliinunua kijana wa Tornio aliyekuja na gari dogo
na hakuomba hata kuisikia.
Sasa imo ndani ya kompyuta, picha tu,
vifundo sita vya dhahabu vinavyozungushwa kwa kipanya
na spika ambayo haijawahi kumwamsha jirani.

Baba huvaa vipokea-sauti kama alivyovaa vile vya kiwandani,
kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga dirisha.
Miaka thelathini na mmoja kwenye mashine ya karatasi, hapahapa Kemi.
Mashine ililipa mshahara,
nayo ikakata chake juu kwa juu.

"Sikiliza, Kerttu." Nasikiliza.
Lo! Sindano.
Uma unaokwaruza sahani.
Natazama mstari wa ikwalaiza: besi imetulia,
katikati pana bonde dogo la heshima,
kisha pale kwenye elfu nne pamesimama mlima,
desibeli kumi na moja, kilele kinagusa dari.

Naushusha. Polepole, kama anayemvua viatu mtoto aliyelala.
"Umeifunika blanketi," anasema.
Naupandisha kidogo.
"Bado blanketi."

Daktari naye alimchorea mchoro, majira ya kuchipua.
Mstari unakwenda sawa, unakwenda sawa, halafu unatumbukia.
Ningeukata mlima wake kwa mkasi
ungeingia kwenye shimo lile pasibaki nafasi ya unywele.

Tukauacha mlima. Tukahamia kwenye kompresa.
"Hiyo naijua," akacheka; kiwandani ilikuwa ya upepo,
ina mngurumo wa kumfukuza dubu.
Nikamweleza: hii haibani upepo, unaiwekea kizingiti.
Sauti iliyo chini ya kizingiti inaachwa ipite na mambo yake.
Ikivuka inakamatwa; katika kila nne zilizozidi hutoka moja.
Halafu unapandisha zote pamoja,
na aliyekuwa ananong'ona anajikuta mezani na wakubwa.

Akafikiri. Baba hufikiri kwa kushika kikombe kitupu.
Nami sikutaka kuwaza nililowaza:
mazishi ya Mama, nyuzijoto ishirini chini ya sifuri,
mchanga umeganda mpaka unagonga jeneza kama kokoto,
naye akasema "Haya, twende"
kwa sauti ileile anayoagizia mkate.
Zilizidi nne. Ilitoka moja.

Nikaweka sita kwa moja, kuachia kuwe kwa taratibu, nikapandisha.
Akapiga noti moja, akaiacha ife yenyewe.
Haikufa.
Ilikaa, ikakaa, na chini yake vitu vikaanza kuchomoza:
mvumo wa friji, ukucha kwenye waya, kiti.
Gitaa lile ni la mwaka sabini na mbili,
nta ya koili zake imekauka, siku hizi hunasa hata maneno
kama simu mbovu.
Na kwenye mkia wa noti nikamsikia Baba akihesabu,
moja, mbili, tatu,
na mahali pa nne, "Hilkka, ngoja."

Yeye hakujisikia.
Herufi za namna ile hukaa kule juu, penye shimo.
Akaniuliza, "Nzuri?"
Nikasema friji inavuma.
Akainuka akaichomoa.

Tukahifadhi mipangilio miwili.
Mmoja nikauandika "Baba".
Wa pili akauandika mwenyewe, kwa kidole kimoja,
akitafuta kila herufi kama funguo zilizoanguka thelujini:
"Ya watu".

Sasa ni saa nane za usiku, amelala, siagi inayeyuka ndani ya friji
kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuirudisha.
Nachomeka waya. Nafungua ule wa kwake,
mlima wote, desibeli zote kumi na moja.
Sauti inaniingia menoni.
Sishushi.